Jaji akikataa kutamka, umeshinda ama umeshindwa?

Kuna aina moja ya kesi ambayo ikiisha watu wanatoka korti wakiniuliza, "sasa tumeshinda ama tumeshindwa?", na mimi siwezi kuwajibu kwa neno moja. Ni zile kesi ambazo mtu haombi fidia, haombi mtu afungwe, wakati mwingine haombi hata zuio (amri ya kumkataza mtu kufanya jambo), anaomba tu jaji atamke. Atamke kwamba shamba ni la fulani, kwamba ile barua ya kumwachisha kazi haikuwa halali, kwamba sheria fulani inagongana na Katiba. Halafu jaji anasikiliza pande zote, anasoma makaratasi yote, na mwisho anasema hatatamka. Hajasema wewe ni muongo, hajasema mwenzako ana haki. Amesema tu hili sitalitamka, na faili imefungwa.

Mimi ni karani kwa ofisi ya loya huku West Nile, Uganda, sio wakili, naandika vile nimeona na vile nimesoma kwenye hukumu zinazopita mezani, kwa hiyo kama una kesi usitegemee blogu, nenda ukaone loya. Lakini hili jambo linaumiza watu wa kawaida sana na sioni mtu akiliandika kwa Kiswahili, kila kitu kiko kwa Kiingereza cha mahakama ambacho hata wenye kesi hawakielewi.

Tuanze na sheria yenyewe. Kwenye Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai hapa Uganda, Amri ya 2 kanuni ya 9, imeandikwa kwamba kesi haiwezi kupingwa eti kwa sababu mtu anaomba tamko peke yake, na kwamba korti ina uwezo wa kutoa tamko la haki lenye nguvu hata kama hakuna kitu kingine kimeombwa au kingeweza kuombwa. Hiyo ndo mlango. Ila angalia vizuri, kanuni inampa jaji uwezo, haimlazimishi. Unaweza kuthibitisha kila kitu ulichosema na bado jaji akaona hakuna haja ya kutamka, na hapo hajavunja sheria yoyote, ametumia hiari aliyopewa.

Kanuni hii tuliirithi kwa Waingereza, karibu neno kwa neno kutoka kanuni yao ya 1883. Na kesi iliyoifungua macho ni ya bwana mmoja anaitwa Dyson. Mwaka 1910 bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kodi ya ardhi, wenye ardhi wakatumiwa fomu zenye maswali chungu nzima na onyo kwamba usipojaza unapigwa faini hadi pauni 50. Dyson hakujaza, na hakukaa akingoja apigwe faini ndo ajitetee, alienda mwenyewe kortini akamshtaki Mwanasheria Mkuu akiomba itamkwe kwamba fomu ile si halali. Serikali ikasema huyu hana kesi, angoje tumshtaki kwanza. Mahakama ya Rufaa mwaka 1911 ikasema hapana, raia ana haki ya kuja kuuliza kabla hajaumizwa, na mwishowe Dyson akashinda. Mimi napenda sana kesi hii manake inaonyesha tamko ni la nini hasa. Mtu mdogo asiye na pesa ya kulipa faini anataka kujua msimamo wake leo, sio baada ya kupigwa.

Baadaye mwaka 1921 kwenye kesi ya benki moja ya Urusi, jaji Lord Dunedin, ambaye alikuwa Mskoti, alitaja vipimo ambavyo mpaka leo mawakili wetu wanavitaja: swali liwe la kweli sio la kinadharia, anayeuliza awe na maslahi ya kweli kwenye jibu, na kuwe na mtu upande wa pili ambaye kweli ana sababu ya kupinga. Ukikosa kimoja hapo, jaji ana nafasi ya kukukatalia.

Sasa niwape mfano wa karibu. Kuna kikundi cha wachuuzi wa soko, wengi wao akina mama wanaouza mukene (dagaa), mihogo na nguo za mtumba, walikuja ofisini na tangazo walilobandua kwenye geti la soko, bado lina gundi kwa nyuma. Tangazo linasema vibanda vyote vitagawiwa upya na kila mtu aombe kama anaanza leo, hata yule amekaa hapo tangu soko lilikuwa la miti na nyasi. Hawakuulizwa, hawakuitwa kwenye mkutano wowote. Loya akaona hapa kuna kesi ya mapitio ya mahakama, yaani korti ipime kama ofisi ya umma iliamua kwa kufuata sheria, Katiba ibara ya 42 inasema mtu anayepelekwa mbele ya ofisi ya umma atendewe kwa haki, na Kanuni za Mapitio za 2009 zinakupa miezi mitatu tu ya kufaili, kwa hiyo tukakimbia. Afidaviti (viapo vya maandishi) ziliandikwa usiku, zikasomwa kwa Kiswahili na Kilugbara ili kila mmoja ajue anaweka dole gumba kwenye nini.

Kesi ikapangwa, ikaahirishwa, ikapangwa tena. Siku ya kusikilizwa loya wa upande wa pili akasimama na barua, kwamba tangazo limeondolewa. Basi. Jaji akaisoma ile barua, akakaa kimya kidogo, akamgeukia loya wetu akauliza, "Nikitamka leo kwamba tangazo lilikuwa batili, kesho asubuhi nini kitabadilika pale sokoni?" Loya akajibu vizuri tu, akasema watu wanaogopa litarudi. Jaji akasema korti haitoi matamko kwa ajili ya hofu ya kesho, mgogoro uliokuwepo umekwisha, kila upande ubebe gharama zake.

Nje chini ya mwembe mama mmoja akanishika mkono akaniuliza lile swali. Na kwa kweli, mwisho wa mambo walikuwa wamepata walichotaka, vibanda vyao viko palepale. Lakini walikuwa wamechangishana pesa, wamefunga biashara siku nyingi kuja kukaa kwenye viti vya korti, na wanarudi nyumbani bila karatasi hata moja inayosema walikuwa na haki. Ukiwaambia hamjashindwa wanakuangalia tu.

Mimi nilimuelewa jaji. Korti zetu zimejaa, faili ziko mpaka kwenye sakafu, na kama kila mtu ataruhusiwa kuleta swali ambalo jibu lake halibadilishi kitu, yule mama ambaye amefukuzwa kwenye kibanja (kipande chake cha ardhi) jana atasikilizwa lini? Hata Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha ilishasema hivyo kwenye rufaa ya Legal Brains Trust dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Uganda, rufaa ya mwaka 2012, kwamba korti haikai kujibu maswali ya kitaaluma ambayo hayana mgogoro hai nyuma yake. Na ukifikiria vizuri, jaji akitamka jambo bila ugomvi wa kweli mbele yake anaweza kukosea vibaya, manake hakuna upande wa pili unaopigana kwa nguvu zote kumwonyesha shimo liko wapi.

Lakini kuna kitu nadhani kingefanyika na hakikufanyika. Barua ile ilisema tangazo limeondolewa "kwa sasa". Ukiondoa kitu kwa sasa maana yake umekiweka kwenye droo. Kabla ya kufunga faili, jaji angeweza kumwuliza loya wa upande ule, je mnaahidi mbele ya korti kwamba mkitaka kugawa upya mtawaita wachuuzi kwanza muwasikilize? Akisema ndio, inaandikwa kwenye rekodi, na mama wa mukene anaondoka na kitu. Akisema hapana, basi jaji amejua mgogoro bado uko hai na hofu ya kesho sio ya kubuni. Waingereza wenyewe kwenye kesi ya Salem ya 1999 walikubali kwamba kwenye mambo ya serikali na raia, korti ina hiari ya kusikiliza hata suala ambalo halina tena ugomvi kati ya wahusika, kama kuna sababu nzuri ya umma, kwa mfano pale kesi nyingine za aina hiyohiyo zinakuja na swali la sheria linahitaji kujibiwa. Hiari inaenda pande zote mbili jamani. Inamruhusu jaji kukataa na inamruhusu pia kutokataa.

Sababu zingine za kukataa nitazipitia haraka. Kama kuna njia nyingine uliyopaswa kupita kwanza, utarudishwa, na tangu marekebisho ya 2019 kanuni za mapitio zinamtaka jaji ajiridhishe kwamba umemaliza njia hizo, ndo maana mtu wa kodi anaambiwa aanzie kwenye baraza la rufaa za kodi. Kama umechelewa, shida yako. Kama watu ambao tamko litawagusa hawajaitwa kwenye kesi, jaji mwenye akili hatatamka nyuma ya migongo yao, na hili huku kwetu kwenye ardhi ya ukoo linatokea kila wiki, mtu anashtaki binamu mmoja wakati shamba lina madai ya nyumba nne. Na kama tayari kuna kesi ya jinai, usikimbilie korti ya madai itamke kwamba huna kosa. Kampuni ya sigara ya Imperial Tobacco ilijaribu hivyo Uingereza, ilikuwa inaweka kadi za mchezo wa zawadi kwenye pakiti za sigara, ikashtakiwa kwa bahati nasibu haramu, ikaenda kuomba tamko kwamba mchezo wake ni halali, na mwaka 1980 mabwana wa House of Lords, iliyokuwa korti ya juu kabisa kule, wakakataa, wakasema hilo litaamuliwa kwenye kesi ya jinai yenyewe.

Wamarekani nao wana sheria yao ya matamko tangu 1934, na kwao hiari hii ni pana hasa. Mwaka 1995 kwenye kesi ya Wilton na Seven Falls, kampuni za bima za London zilikimbilia korti ya shirikisho ziombe itamkwe hazidaiwi kitu kwenye mgogoro wa visima vya mafuta kule Texas, wakati wenzao wanaleta kesi kwenye korti ya jimbo. Jaji akasimamisha ile ya tamko. Mahakama yao ya Juu ikasema ni sawa, kesi ya tamko jaji ana uhuru nayo kuliko kesi ya kawaida. Hii ninaielewa kabisa, manake kuna watu wanatumia ombi la tamko kama mbio za kufika korti kwanza ili wachague uwanja, na korti haipaswi kusaidia mchezo huo.

Sasa upande mwingine ambao unaniuma zaidi, pale jaji hakukataa lakini tamko lenyewe likawa halitoshi. Kuna mzee mmoja alikuja akiwa na hukumu yake ameifunga kwenye kavera (mfuko wa plastiki), safi, imekunjwa mara nne. Alishinda. Korti ilitamka kwamba lile shamba ni lake. Akaniambia, "mwanangu, nimewasomea hii karatasi mara mbili na bado wanalima." Nikaisoma yote mpaka mwisho, hakuna amri ya kuwatoa, hakuna zuio, hakuna fidia, kwa sababu hati ya madai haikuomba. Aliyemwandikia aliomba tamko na gharama, mwisho. Ukienda kwa msajili wa korti unataka kukaza hukumu ya namna hiyo, yaani itekelezwe kwa nguvu, atakuuliza nikaze nini, tamko halimwambii mtu fanya au usifanye, linasema tu hali iko hivi.

Na kurudi kuomba kilichosahaulika sio rahisi, kwa sababu Amri ileile ya 2, kanuni ya 2, inasema kama ulikuwa na haki ya kuomba nafuu zaidi ya moja kwa sababu ileile na ukaacha baadhi bila ruhusa ya korti, huwezi kuja kuzidai baadaye. Kwa hiyo kanuni moja inakufungulia mlango uombe tamko peke yake, na nyingine hatua chache nyuma yake inakufungia ukitaka kurudi. India walilishughulikia hili kwa njia tofauti, sheria yao ya 1963 kifungu cha 34 inamkataza jaji kutoa tamko kama mdai angeweza kuomba nafuu zaidi na hakuomba. Inaonekana kali lakini mimi naona ina huruma ndani yake, manake mtu anashtuka mapema, anarekebisha hati yake kesi ikiwa bado changa, hafiki mwisho ndo agundue amebeba karatasi. Hapa kwetu jaji hana katazo hilo ila hiari anayo, na nawaomba majaji na mahakimu waitumie mapema. Mkiona mtu anaomba tamko la shamba huku watu wanalima ndani yake, muulizeni siku ya kwanza, mzee, ukishatamkiwa unataka nini kifuate?

Hapa lazima niseme kitu kuhusu serikali. Sheria yetu ya kesi za serikali ina kifungu kinachosema huwezi kupata zuio dhidi ya serikali, badala yake korti inaweza kutamka haki za pande zote, kwa matumaini kwamba serikali yenye heshima itafuata. Kwenye kesi ya Osotraco, kampuni ilikuwa na mali yake Mbuya hapo Kampala na watu wa serikali wamekaa ndani, kesi ni ya 1986, na serikali ikasema kampuni ipewe tamko tu. Jaji Egonda-Ntende mwaka 2002 akakataa hoja hiyo, akasema Katiba ya 1995 haikubali mtu anyang'anywe mali halafu apewe maneno, akaamuru watoke, na Mahakama ya Rufaa baadaye ikamuunga mkono. Yaani hapo korti ilikataa kuishia kwenye tamko, na ilikuwa sahihi kabisa.

Lakini kesi ambayo nikiisoma bado nakasirika ni ile ya akina mama waliokufa wakijifungua. Mmoja alifia Mityana mwaka 2009, mwingine hapa kwetu Arua mwishoni mwa 2010, diwani kabisa wa wilaya, mtu aliyechaguliwa na watu, akakaa hospitalini saa nyingi bila huduma mpaka akafa. CEHURD, shirika linalotetea haki ya afya, pamoja na familia zao wakaenda Mahakama ya Katiba mwaka 2011, wakaomba itamkwe kwamba serikali kushindwa kuweka huduma za msingi za uzazi, vifaa na wahudumu, ni kuvunja Katiba. Tamko. Ibara ya 137 inampa mtu yeyote haki ya kwenda kuomba hilo.

Mwaka 2012 Mahakama ya Katiba haikusikiliza hata ushahidi. Ilikubali pingamizi la Mwanasheria Mkuu, ikasema hili ni swali la kisiasa, mambo ya bajeti na vipaumbele ni ya serikali na Bunge, korti isiingize mguu. Kesi ikatupwa. Fikiria wewe ndo mume wa mama yule, ama mtoto wake, unaambiwa swali lako halijibiki.

Hapa ndo naona tofauti kubwa kati ya kukataa kwa namna mbili. Yule jaji wa wachuuzi alikataa kwa sababu jibu lake lisingebadilisha kitu siku hiyo. Mahakama ya Katiba ya 2012 ilikataa kwa sababu jibu lingebadilisha mambo mengi mno. Hizo ni sababu zinazopingana kabisa, na ya pili mimi siikubali. Ukiona korti inakwepa swali kwa vile linagusa pesa za serikali, na wanaouliza ni watu ambao hawana mahali pengine pa kuuliza, hiari imegeuka kichaka cha kujifichia.

Wakakata rufaa. Tarehe 30 Oktoba 2015 majaji wa Mahakama ya Juu wote kwa pamoja wakasema Mahakama ya Katiba ilikosea, kazi yake ni kupima kama kitendo ama kutotenda kwa serikali kunaendana na Katiba, na kupima sio kutunga sera, wakairudisha faili isikilizwe. Na tarehe 19 Agosti 2020, miaka tisa baada ya kufaili, tamko likatoka: kutoweka huduma za msingi za uzazi kwenye vituo vya serikali ni kuvunja haki ya afya, haki ya uhai na haki za wanawake, na serikali ikaamriwa itenge pesa za kutosha. Familia zikapewa fidia. Miaka tisa! Watoto walioachwa wakiwa wadogo walikuwa wameshaanza shule siku nyingi.

Mtu akiniambia tamko ni maneno matupu namwonyesha pia kesi ya Kigula. Susan Kigula na wenzake 417 walikuwa wamehukumiwa kunyongwa, wakaomba itamkwe kwamba hukumu ya kifo ya lazima, ile ambayo jaji hana nafasi ya kuchagua, inapingana na Katiba. Mahakama ya Juu tarehe 21 Januari 2009 ikakubali, na ikasema pia kwamba mtu aliyekaa zaidi ya miaka mitatu tangu hukumu yake ithibitishwe na korti ya mwisho, adhabu yake inageuka kifungo cha maisha. Wale ambao rufaa zao zilikuwa bado hazijaisha walirudi mbele ya majaji wakasikilizwa upya kuhusu adhabu, wengine leo wako nje wanatembea. Ndo maana nasema kukataa kutamka ni uamuzi mzito, usichukuliwe kama kuahirisha kesi.

Na kuna njia ya katikati ambayo naona majaji wengi wanaisahau, kutamka kidogo kuliko kilichoombwa. Shirika la MIFUMI kutoka Tororo lilienda kuomba itamkwe kwamba mahari yenyewe inavunja Katiba. Mahakama ya Katiba ikakataa mwaka 2010. Mahakama ya Juu mwaka 2015 nayo haikukubali kuifuta mahari, na sidhani Waganda wengi wangekubali, huku kwetu bila ng'ombe harusi haijaisha. Lakini majaji hawakuishia kwenye kukataa, walichukua kipande kimoja ndani ya ombi, ile desturi ya kudai mahari irudishwe ndoa ikivunjika, wakatamka hiyo ni kinyume cha Katiba. Wanawake wangapi walikuwa wanabaki kwenye kipigo kwa sababu baba yao hana ng'ombe wa kurudisha? Ombi lilikuwa kubwa, tamko likawa dogo, na hilo dogo ndilo lilikuwa linaumiza watu.

Mkiwa na kesi ya namna hii, muulizeni loya wenu maswali haya kabla hajafaili. Ukiniombea tamko umeniombea na kinachofuata, kuwatoa waliomo, zuio, fidia? Wote ambao tamko litawagusa wameitwa? Kama ni mapitio, miezi mitatu haijapita? Na upande wa pili ukiondoa jambo katikati ya kesi, tutaomba waahidi kwenye rekodi ama tutakaa kimya?

Na jaji akikataa, msitoke tu kortini. Muombeni loya achukue uamuzi ulioandikwa na asome sababu, kwa sababu tangu kesi ya Mbogo na Shah ya 1968, ya korti ya rufaa ya zamani ya Afrika Mashariki, inajulikana kwamba korti ya juu haiingilii hiari ya jaji eti kwa vile yenyewe ingeamua vingine, inaingilia pale alipojielekeza vibaya kwenye jambo fulani na hivyo akafika uamuzi mbaya, ama pale inapokuwa wazi kwenye kesi nzima kwamba alikosea na haki ikapotea. Bila sababu zilizoandikwa hamna cha kuonyesha. Angalieni pia kama amekataa bila kugusa haki yenyewe, manake kama hakuigusa swali lenu bado liko wazi na tangazo likirudi getini mnaweza kurudi nalo, ila kama aliandika kwamba hamna haki, basi mmeshindwa na siku za rufaa zimeshaanza kuhesabiwa.